Kadi Zitoke Lini, na Nani Ajibu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nikahi yangu ni mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, hapa Lamu. Wageni wengine wako Mombasa, wengine Muscat na London. Nataka kadi zitoke mapema na kila mtu aseme kama atakuja, lakini mama anacheka, asema mtaani kwetu Langoni mtu haulizwi hivyo. Nifanyeje?
Bi harusi mtarajiwa, Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa watu wa mtaani mama yako ana haki. Jirani ukimpa kikaratasi ajaze kama atakuja, atakuuliza tangu lini mwamhesabia tonge. Hao waalikwe kwa mdomo, wiki moja au mbili kabla. Mtume mama mtu mzima apite nyumba kwa nyumba, ataje siku, saa na shughuli. Jibu usingoje, pika tu.

Wa safari wana hesabu nyingine. Muscat na London waambie mara wazee wakishakubaliana siku, miezi minne au zaidi, hata kwa simu. Kadi yenyewe iwafikie wiki nane kabla. Mombasa, sita zatosha. Na uandike tarehe ya miladia pamoja na jina la siku, maana mfungo pili waanza kwa kuandama mwezi, na tiketi ya ndege haingoji mwezi.

Majibu yao yafike wiki tatu kabla. Si kwa ajili ya wali, sufuria za harusi zetu hazishindwi na sahani ishirini za ziada. Ni vitanda, na mtu wa kuwapokea gatini Mokowe au uwanja wa ndege wa Manda. Kwa hivyo usiulize "Mtakuja?" Utajibiwa "Inshallah", nawe hutajua inshallah hiyo itandikiwe godoro au la. Uliza: "Mwafika siku gani, wangapi, mwalala kwa nani?" Mwenye nia ya kuja hilo atalijibu. Asiyejibu hadi siku ikapita, apigiwe na mama yako, si wewe. Wewe watakuzungusha.

Tena, kadi ya nikahi msikitini na kadi ya wanawake ya kupamba, bi harusi anapopambwa na kuonyeshwa, ziwe mbili mbali. Ukiandika "familia ya fulani" bila kutaja shughuli, watakuja wote kwa zote, na watoto juu. Kama hutaki simu za kupiga picha ukumbini, liandike kwenye kadi ya wanawake, wasije wakagombana na dada zako mlangoni.