Kabla ya kusomea misitu, uliza mwalimu wako ametokea wapi

Nilipochagua kozi ya misitu niliangalia ada na jina la chuo. Orodha ya wakufunzi niliiruka: dokta fulani, profesa fulani, basi. Siku hizi mtu akiniomba ushauri, naanzia pale pale niliporuka.

Sababu yenyewe ni mti mmoja kwenye mteremko. Lilikuwa zoezi letu la kwanza la upimaji. Nikasimama upande wa chini, nikapima mita 1.3 kutoka ardhini, nikazungusha utepe: kipenyo sentimita 42. Mkufunzi wetu, aliyekuwa amesimamia uvunaji miaka mingi kabla ya kushika chaki, hakusema nimekosea. Alinishika bega akanipeleka upande wa juu. "Pima tena." Nikapata 40. Nikacheka, sentimita mbili tu! Yeye hakucheka. Akaokota kijiti, akachora hesabu kwenye udongo: kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la asilimia 5 kwenye utepe linavuka asilimia 10 kwenye ujazo. Kisha akatusimulia jinsi alivyowahi kumuuzia mtu mbao ambazo hazikuwepo, na mnunuzi akarudi kuhesabu magogo moja moja mbele yake.

Kanuni ya kupima ukiwa upande wa juu imo vitabuni, na mimi nilikuwa nimeisoma. Iliyonikaa kichwani ni aibu ya mkufunzi yule.

Lakini usije ukadhani nawapigia debe watu wa porini peke yao. Bwana huyo huyo, tulipomuuliza kwa nini shamba lipunguzwe miti mapema na si baadaye, alijibu, "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya." Aliyetufundisha kuuliza sababu ni mhadhiri kijana aliyetoka kwenye takwimu na picha za satelaiti, ambaye viatu vyake sikuwahi kuviona na tope. Alitazama ramani yetu ya viwanja vya sampuli, vile vipande vichache tulivyopima ili viwakilishe msitu mzima, akauliza swali moja: mbona vyote viko karibu na barabara? Tulikuwa tumekwepa miiba na mabonde. Kazi ya wiki nzima ikaanza upya, na alikuwa na haki.

Mchanganyiko huu wa porini na darasani haukuanza jana. Heinrich Cotta, ambaye shule yake ya misitu ilihamia Tharandt, Ujerumani, mwaka 1811, alikuwa bwana misitu kwanza. Aldo Leopold aliingia Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1909. Uprofesa wa usimamizi wa wanyamapori pale Chuo Kikuu cha Wisconsin aliupata mwaka 1933.

Kwa hiyo soma wasifu wa kila mkufunzi, na usiishie kwenye shahada. Maliasili ni neno pana: anayefundisha wanyamapori huenda alikuwa daktari wa mifugo, wa maji akawa mhandisi, wa sera akawa mwanasheria. Hakuna ubaya, ila ujue utapewa jicho gani. Huyo wa sera, kwa mfano, mimi ningependa awe amewahi kukaa kwenye kikao cha mgogoro wa mpaka wa hifadhi, watu wakipigiana kelele, kila upande na ramani yake. Angalia pia mara ya mwisho alipofanya kazi msituni ilikuwa lini. Kozi ambayo walimu wote wametoka mlango mmoja mimi ningeiogopa, hata mlango huo ukiwa wa dhahabu.

Na kama unaweza, waandikie kabla ya kulipa. Waulize walifanya nini kabla ya kufundisha, na ni kosa gani la kazini wasilolisahau. Wengine hawatajibu, nayo ni habari. Nilipotafuta msimamizi wa utafiti wangu niliwaandikia watano. Mmoja alinijibu kwa mstari mmoja: "Nilipogoa miti kwa kuchelewa, vifundo vikaharibu mbao zote, njoo nikuonyeshe kipande nilichokitunza." Nikaenda. Kilikuwa juu ya meza yake, kimeshikilia karatasi zisipeperuke.