Miaka sita ya kula kidogo, na misuli ilivyokuja kudai

Nilianza kupunguza kula nikiwa na miaka 52. Sikuwa mnene, kitambi kidogo tu cha utu uzima, ila nilisoma kuhusu panya wa Clive McCay pale Chuo Kikuu cha Cornell, 1935, walionyimwa kalori wakaishi kuliko wenzao, nikasema basi na mimi. Nikawa napima kila kitu kwenye mizani ya jikoni mpaka mafuta ya kukaangia, nakula pungufu ya mahitaji yangu kwa kama robo hivi.

Mwanzoni raha tupu. Presha ikashuka, kolesteroli mbaya ikashuka, sukari safi, suruali zote zinataka mkanda. Nikageuka mhubiri, kila ninayekutana naye namwambia apunguze sahani (mnisamehe jamani).

Halafu vikaanza vitu vidogo vidogo. Watu wana mashati, mimi nina sweta. Usingizi wa mang'amung'amu. Siku moja nimekaa sakafuni nacheza na mjukuu, kuinuka sasa, nikaweka mkono mmoja chini haukutosha, nikaweka wa pili, nikapiga magoti, ndo nikapanda kwa kung'ang'ania kochi, na mtoto anacheka akidhani babu ameanzisha mchezo mpya. Nina miaka 58 tu! Nikaenda kupima mifupa, ya nyonga imepungua. Dokta akaniambia mafuta umeyachoma sawa, ila na misuli umeila.

Kumbe hili linajulikana siku nyingi, mimi ndo nilikuwa nasoma upande mmoja. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa CALERIE, watu 218 wasio na unene uliopitiliza, miaka miwili, lengo lilikuwa kupunguza kalori asilimia 25 wakaweza kama 12 hivi kwa wastani, na hata hiyo 12 ilisaidia moyo na insulini kweli kabisa. Lakini mifupa ya nyonga na ya uti wa mgongo ilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliokula kama kawaida. Na hao ni watu wa 50 kushuka chini. Ukishavuka hapo misuli inaondoka yenyewe bila hata kuisukuma, wewe unaongeza njaa juu yake. Kuhusu maisha marefu nako usiape, kima wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliopunguziwa chakula waliishi zaidi, wa utafiti mwingine wa serikali hukohuko Marekani, majibu ya 2012, hawakuwazidi wenzao.

Sijaacha kabisa. Sa hivi napunguza kidogo tu, protini nahakikisha inafika kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili na naigawa kila mlo sio yote usiku, na vyuma nanyanyua mara tatu kwa wiki, hilo la vyuma ningeanza nalo kabla hata ya kununua mizani. Kama figo zako zina shida muulize dokta kwanza kuhusu protini. Na kama tayari u mwembamba au umevuka 65, kwa kweli mimi nisingekushauri uanze peke yako. Kipimo cha bure: kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama ukae mara tano. Ukihangaika, usikate chakula, tafuta nguvu.

Juzi niliinuka sakafuni kwa mkono mmoja. Mjukuu akanuna, anataka ule mchezo wa kochi.