Kijiweni hakuna kipimo, dirishani kipo

Wabeja sana mhariri kwa swali la wiki hii. Mmeuliza kama serikali iache kupiga marufuku dawa za kulevya na badala yake iziweke chini ya udhibiti, au kamatakamata iendelee hivihivi. Mi nasema izidhibiti, na nasema hivyo kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho, maana rafiki yake tumeshamzika na yeye mwenyewe nusura tumzike.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mdogo wangu alikuwa anabeba magunia palepale, akaanza na bangi, afu bangi ikachanganywa na unga, yaani heroini, wakaiita kokteli, afu bangi ikatoka ukabaki unga peke yake. Nyumbani tulidhani karogwa, mama akauza mbuzi wote watatu kwa ajili ya mganga. Kama hujawahi kumwona mtu mwenye arosto, yaani mwili unaudai unga na haujaupata, mi siwezi kukuelezea vizuri, makamasi yanatiririka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma kama imevunjwa, anatetemeka na jua la Mwanza lote lile, na akili yake yote iko kwenye kete moja tu, kile kipakiti kidogo cha unga. Sasa mtu wa hivyo unamtisha na jela? Haisikii hiyo jela, anasikia mifupa.

Mdogo wangu alikamatwa na kete mbili mfukoni, akakaa ndani miezi, akatoka na kifua kibovu na marafiki wapya wa unga. Rafiki yake yeye alikaa muda mrefu zaidi, akatoka amenenepa, msafi kabisa, mama yake akashona na gauni la shukrani kanisani. Wiki ileile akarudi kijiweni akajidunga kiasi chake kilekile cha zamani. Watu wengi hawalijui hili: mwili ukikaa bila unga unasahau kuuhimili, kiasi ulichokuwa unakizoea kinakuwa sumu, pumzi inapungua mpaka inakata. Wenzake walimwona anabadilika rangi wakaogopa kupiga simu, kila mmoja anawaza ataulizwa yeye alikuwa anafanya nini pale, wakakimbia. Na dawa ya kumrudisha ipo duniani, inaitwa naloksoni, mtu aliyezidisha unga akipewa mapema anavuta pumzi ndani ya dakika chache. Angekuwa na miaka ishirini na saba sasa hivi.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza, marufuku imemlinda nani? Unga kijiweni upo. Tena hakuna anayejua kwenye ile kete kumechanganywa nini, ya jana inaweza kuwa dhaifu na ya leo ikaua, na pusha, yule muuzaji, hamuulizi mtoto umri wake. Biashara tumewaachia wao yote, bei wapange wao, kipimo wapime wao.

Sasa nije kwenye dirisha, lile la hospitali. Methadone mnaisikia, dawa ya kunywa wanayopewa waliokwisha kunasa kwenye unga, hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa 2011 na siku hizi hapa Mwanza iko hospitali ya Sekou Toure. Tusidanganyane, methadone ni ukoo mmoja na heroini, ukiitumia ovyo inakuua vilevile. Tofauti ni kwamba pale kuna nesi, kuna kikombe kina kipimo kinachojulikana, unakunywa mbele yake, arosto haiji mpaka kesho, sindano ya kuchangia na wenzako haipo kwahiyo na njia hiyo ya ukimwi na homa ya ini inakufa, na hulipi hata mia. Mdogo wangu asubuhi anakunywa, saa nne yuko Mwaloni anabeba magunia. Udhibiti ndio huo, serikali yetu inaufanya tayari na dunia haijapasuka, mi naomba usiishie pale dirishani tu.

Uswisi wamefika mbali zaidi, tangu 1994 wagonjwa ambao tiba nyingine zimeshindikana wanapewa heroini yenyewe kliniki chini ya daktari, na 2008 wananchi walipoulizwa kwa kura asilimia 68 wakakubali iendelee. Ureno tangu 2001 ukikamatwa na kiasi cha matumizi yako, kisichozidi cha siku kumi, huendi mahakamani, unaenda kwenye kamati inakaa na wewe inaangalia kama unahitaji tiba. Kuuza bado ni kosa kulekule Ureno. Ila nisifiche na upande wa pili, jimbo la Oregon kule Marekani 2021 waliondoa jela kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, huku huduma za tiba hazijajipanga, watu wakachoka na walichokiona barabarani, 2024 kesi ya jinai ikarudishwa. Kwahiyo huduma ianze kwanza.

Mama mmoja tunayekaa naye meza moja sokoni akaniuliza, we dada unataka unga uuzwe dukani kama sukari? Hapana mama yangu. Unga uishie hospitali, kwa aliyekwisha kunasa. Bangi ni habari nyingine, Kanada tangu 2018 mtu mzima ananunua duka lenye leseni, na hiyo tunaweza kuizungumza. Mirungi ndo usiseme, Kenya ni zao la biashara, ikivuka Sirari kuja huku inakuwa kesi. Na kudhibiti siyo kulegeza, mkumbuke viroba vya pombe kali, Machi 2017 serikali haikufuta pombe, ilifuta kile kifuko mtoto wa shule alichokuwa anaficha kwenye soksi, na mi niliunga mkono. Hata hili ziwa hatujalifunga, tumesema sangara chini ya sentimita 50 asivuliwe. Gongo tumeikataza na watu wanaikunywa kila siku bila yeyote kujua ina nini, wakati Konyagi imeandikwa asilimia 35 kwenye chupa.

Kinachonisumbua sasa ni visiwani. Dirisha linataka uje kila siku, na mvuvi wa dagaa analala ziwani usiku, Ukerewe mpaka hapa mjini ni masaa matatu na zaidi kwa meli, nauli anaitoa wapi kila siku? Kuna kijana wa kambi moja huko, mdogo wangu ndo alimpa namba yangu, kila mwezi ananipigia, "shikamoo dada, vipi ile dawa, italetwa na huku?" Mwezi huu hajapiga. Nimempigia mimi mara mbili, simu haipatikani.