Jibu: Mbwa wangu kapandwa na dume la jirani, nimchome ile sindano ya miezi mitatu?

Weka sindano chini. Kama dawa bado iko kwenye chupa, iache humo humo.

Umeandika kwamba mbwa wako, chotara wa German Shepherd huko Makindye, Kampala, alianza kutoa damu ya joto (siku za jike kutaka dume) tarehe 28 Mei, na Jumamosi tarehe 7 Juni dume la jirani likapenya kwenye uzio wa mabati, wakanasana kama robo saa. Umeuliza mambo mawili: umchome sindano ya uzazi wa mpango aliyokushauri rafiki yako au la, na jirani alipe au la. La kwanza ndilo litakalomuua mbwa wako, basi tuanze na hilo.

Sindano ya miezi mitatu haitoi mimba. HAITOI. Ndani yake kuna medroksiprojesteroni, homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi ya projesteroni, na projesteroni ndiyo homoni inayotunza mimba tumboni. Mwanamke huchomwa kabla hajashika mimba ili yai lisitoke. Kwa mbwa wako yai limeshatoka au linakaribia, na mbegu ziko ndani zinalisubiri; mbegu za mbwa huishi humo siku tano, hata saba. Kumchoma sasa ni kuweka askari mlangoni wakati mwizi ameshalala kitandani. Na ubaya wenyewe ni kwamba askari huyo hatamzuia mwizi kuingia, atamzuia kutoka.

Maana yake hii. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Ili uchungu uanze, projesteroni lazima iporomoke, na kwa kawaida huporomoka ndani ya siku moja kabla ya kuzaa. Ndiyo sababu joto la mwili hushuka chini ya nyuzi 37.2 saa 12 hadi 24 kabla ya mtoto wa kwanza. Ile sindano imetengenezwa iyeyuke polepole, kwa miezi. Siku ya 63 ikifika, projesteroni ya mbwa mwenyewe inashuka, lakini ya dukani bado imejaa. Mlango wa kizazi haufunguki. Mbwa hatafuti kona ya kuchimba, hahemi kwa uchungu, joto halishuki. Anakula vizuri na kukutazama kwa upole. Wewe unasema "bado siku zake". Kumbe kondo la nyuma limezeeka, watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine, na baada ya hapo wanaanza kuoza wakiwa ndani ya mama yao.

Na hapo ndipo kosa la pili humzaa la tatu. Unarudi kwa muuzaji yule yule wa dawa, naye kwa uso mkavu anakuuzia oksitosini "ya kusukuma". Oksitosini hubana misuli ya kizazi. Kizazi kikibanwa huku mlango umefungwa, kinaweza kupasuka. Usimchome mbwa oksitosini nyumbani, hata kama aliyeishika ni mjomba wako aliyewahi kuzalisha ng'ombe mia.

Hao wauzaji nina nao neno. Mtu anavaa koti jeupe, nyuma yake kuna dawa za minyoo ya mbuzi na dawa ya kupe, na ukimuuliza "hii inatoa mimba ya mbwa?" hawezi kusema "sijui". Neno hilo ni dogo, halina kodi, lakini halimtoki. Anasema "mililita moja tu, ssebo (bwana), kila kitu kwisha". Kwisha kweli. Sitasimulia yangu, risiti ya upasuaji bado ninayo, naitumia kama alama ya kurasa kwenye daftari la chanjo, na kila nikilifungua huwa najiona mwerevu kidogo kuliko jana. Ndiyo, cheka. Ujinga wangu angalau una stakabadhi.

Kanuni yangu ni moja: HAKUNA SINDANO KABLA YA PICHA. Majike wengi waliopandwa kwa bahati mbaya hawashiki mimba kabisa. Unaweza kumchoma mbwa sumu kwa ajili ya mimba isiyokuwepo. Picha ni ultrasaundi, na kabla ya siku ya 25 tangu kupandwa inaweza kukudanganya. Kwako wewe siku ya 28 ni Jumamosi tarehe 5 Julai. Nenda siku hiyo. Usiende baada ya wiki moja ukarudi unasema "daktari hakuona kitu". Kwa vidole daktari mzoefu huweza kuhisi vivimbe kama gololi kati ya siku ya 28 na 35 hivi. Baada ya hapo kizazi hujaa sawasawa na vidole havisemi kitu. Eksirei huonyesha mifupa kuanzia siku ya 45, lakini ya kuhesabu watoto ipige baada ya siku ya 55. Na chuchu kuvimba au maziwa kutoka si ushahidi. Projesteroni ya jike hukaa juu miezi miwili hata kama hana mimba, kwa hiyo wengine hujaa maziwa na kulalia kiatu chako bila kuwa na mtoto hata mmoja.

Ukikuta mimba na huitaki, njia zipo, na zote ni za daktari wa mifugo. Kama huna mpango wa kumzalisha, daktari amfunge kizazi: anatoa kizazi na ovari pamoja na mimba, kazi imeisha milele. Wakati wa joto mishipa ya damu huko imevimba na kuvuja damu ni rahisi, kwa hiyo madaktari wengi hungoja joto liishe. Kwako hiyo tarehe 5 Julai inafaa kwa yote mawili, picha na kisu. Kama unataka azae baadaye, muulize daktari kuhusu agliprestoni: inazuia projesteroni isifanye kazi, miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa, chini ya ngozi, mara mbili kwa tofauti ya saa 24, na haivuki siku ya 45, yaani 22 Julai. Isipopatikana, kuna prostaglandini, homoni inayoshusha projesteroni na kubana kizazi, siku kadhaa mfululizo, mbwa akiwa chini ya uangalizi maana atatapika, atadondosha mate na kuhema. Hiyo mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike kabisa, inapita hata kwenye ngozi.

Atakayekuletea estrojeni, homoni ya kike, ile "sindano ya siku tatu za kwanza", mkimbie pia. Inaweza kuua uboho unaotengeneza damu, na inafungulia usaha kwenye kizazi. Dalili za usaha zichunge hata usipomchoma kitu, wiki nne hadi nane baada ya joto: anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ovyo, hali, na huenda ukaona uchafu unaonuka chini ya mkia. Au usione kitu, tumbo likavimba tu. Huo wa kujifungia ndani ndio mbaya zaidi.

Kama umeshamchoma ya miezi mitatu kabla ya kusoma hapa (nawajua watu, huuliza wakiwa wameshafanya), usinyamaze kwa aibu. Mwambie daktari jina lililoandikwa kwenye chupa, ujazo na tarehe. Mimba ikithibitishwa, hakuna kungoja uchungu. Siku zenyewe ni kati ya 57 na 72 kutoka kupandwa, maana yake 3 hadi 18 Agosti, na siku ya 63 ni tarehe 9. Ultrasaundi ipigwe kwenye wiki ya tisa kuangalia mioyo: mtoto mzima hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, akishuka chini ya 180 anataabika, na hapo ni upasuaji bila mjadala. Ukiona majimaji ya kijani kabla hajatoka hata mtoto mmoja, kondo limeachia. Tafuta gari usiku huo huo, boda haifai kumbeba.

Kuhusu jirani. Unataka mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) amlipishe? Jaribu, utapata soda na maneno mazuri. Dume lilifuata harufu, na harufu ilitoka kwako. Mwenye jike ndiye mwenye kalenda. Damu ilipoanza tarehe 28 Mei ulipaswa kumfungia ndani siku 21 kamili, mimi huenda 24. Nadhani najua ulipokosea, maana karibu kila mtu hukosea hapo: baada ya siku tisa au kumi damu ilipauka ikawa kama maji ya majani makavu, ukasema imekwisha, ukamfungulia. Kupauka huko ndiko kufunguka kwa dirisha la kushika mimba. Kabla ya hapo alikuwa anawang'ata madume, baada ya hapo anawapindishia mkia.

Na bado hajamaliza. Leo ni siku ya 14 tangu damu ianze. Akitoka tena kesho akakutana na dume lingine, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au watatu, na tarehe zangu zote hapo juu zinavurugika. Nepi ya mbwa haizuii dume. Mnyororo uani ndio mbaya kuliko yote, maana umemfunga asiweze kukimbia. Mweke kwenye chumba chenye mlango, mtoe kukojoa ukiwa umeshika kamba mwenyewe, usimtume mtoto. Wakinasana tena usiwamwagie maji wala kuwavuta. Mbegu zimeshaingia kabla hujafika, utakachofanya ni kuwachana nyama.

Mpaka Jumamosi tarehe 21, ndani. Na lile bati lililoachia, ligongee misumari leo, kwa chini pia, dume likikosa pa kupenya huchimba.