Mabati ya kokoro

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, sheria ya nchi iadhibu kila tunachokiita dhambi?" Jibu langu ni hapana. Ila naomba niligeuze hilo swali, maana huku mwaloni, tunakoshushia samaki, limekaa miguu juu.

Kwanza hiyo hapana. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ya wanadamu inatungwa kwa ajili ya umati, na wengi katika umati si wakamilifu. Kwa hiyo haikatazi kila uovu, bali ule mzito, hasa unaowaumiza wengine, kama kuua na kuiba. Hata kwetu Tanzania ndivyo ilivyo. Mgoni hafungwi jela. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenye ndoa haki ya kudai fidia mahakamani, basi. Gongo, pombe kali ya kienyeji, nayo imepigwa marufuku miaka nenda miaka rudi, na anayeitaka anajua abishe hodi mlango gani. Wanaotaka Bunge lifute kubeti wameona vijana wao hawawasikii mimbarani, sasa wanataka askari awahubirie. (Mimi sibeti. Lakini pia sina simu ya kubetia.)

Sasa upande wa pili. Mimi ni mchuuzi wa samaki Kirumba Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza, na ni mzee wa kanisa katika kijiji cha ufukweni, Ilemela. Tunapenda kuuliza kwa nini dhambi fulani si kosa la jinai. Mbona hatuulizi kwa nini kosa la jinai linalomla jirani halijawahi kuitwa dhambi kanisani kwetu?

Nasema kokoro. Wasiolijua: ni wavu wa macho madogo, unazungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu wanavuta kamba za pande zote mbili hadi nchi kavu. Unakomba kila kitu: sangara wachanga, furu, matope, na mazalia ya sato. Sheria inalikataza, na kila mtoto wa mwaloni anajua hivyo. Jike la sato hutunza mayai yake mdomoni, na hata watoto wakishatotolewa, wakishtuka hukimbilia mdomoni mwa mama yao. Kokoro likipita linamchukua mama na wanawe. Kumbukumbu la Torati 22 inakataza jambo hilo hilo kwa ndege: ukikuta kiota njiani, chukua makinda ukitaka, lakini mama mwache aende. Nimekaa kanisani miaka yote hii sijasikia mahubiri juu ya mistari ile miwili. Ya pombe nimeyasikia hadi nayajua kwa moyo.

Sababu naijua. Tulipokuwa tunaezeka kanisa, tajiri mmoja mwenye kokoro aliahidi mabati 40. Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akamwomba Mungu aibariki kazi ya mikono yake, na sisi wazee tukaitikia "Amina" huku kila mmoja wetu akijua mikono hiyo inafanya kazi gani, tena usiku. Risiti niliandika mimi. Makuhani wakuu walikataa kuzitia fedha za Yuda katika sanduku la hazina, kwa kuwa ni kima cha damu, Mathayo 27. Wakanunulia shamba la mfinyanzi, maana hata wao, nadhani, walikuwa na kamati ya ujenzi.

Simsemi mvuta kamba. Nilivuta kokoro nikiwa na miaka kumi na kitu, ujira wangu ukiwa kitoweo cha nyumbani, na mama hakuniuliza kimetoka wapi. Doria ikija anakamatwa yeye. Tajiri yuko mjini amelala. Hapo ndipo sheria inapofika mwisho wa kamba yake na kanisa lingepaswa kuanza, kwa sababu tajiri anaweza kumkwepa askari, lakini Jumapili tunaye benchi la pili.

Niliwahi kulisema hilo kwenye kikao cha wazee. Mwenzangu akanijibu, "Mzee, unataka tuanze kukagua nyavu kabla ya kupokea zaka?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nikapewa zamu ya kusoma neno, nikasoma kile kifungu cha kiota, bila kuongeza maelezo. Tajiri alitoka kabla ya sadaka. Wiki mbili hatukumwona. Ya tatu akaja, akaketi nyuma karibu na mlango, akatoa sadaka yake kama kawaida, na mimi nikaihesabu.

Kokoro lake bado linavutwa. Juzi mvua ilinyesha katikati ya ibada, na kwa kelele za yale mabati hatukusikia mahubiri.