Maswali yenu: V8 ya kisasa, Mustang ya zamani na kutu iliyofunikwa

Mustang yangu ya 1966 ipo gereji na kazi bado ni ya mwaka mzima. Nikiwa nasubiri nataka V8 ya kisasa (injini ya silinda nane) ya kutembelea. Nichukue Mustang, Camaro au Challenger? (Njiro, Arusha)

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara muulizaji hagusii usukani. Ndugu yangu, sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Challenger na Camaro za kizazi hiki hazikutoka kiwandani na usukani wa kulia, na uzalishaji wake umekwisha: zote mbili mwishoni mwa 2023. Ukiambiwa "imegeuzwa", uliza nani alikata dashibodi, nani aliunganisha usukani, na airbag zilirudishwaje. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ondoka.

Inabaki Mustang ya kuanzia 2015, ambayo kiwanda kiliitengeneza pia kwa usukani wa kulia. Ila usiagize Japani kwa mazoea ya Toyota. Ford ilifunga biashara yake Japani 2016 kabla Mustang za kulia hazijaanza kuuzwa huko, kwa hiyo utakazokuta kule ni za kushoto. Tafuta Uingereza au Afrika Kusini.

Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya namba ya chesisi. Alama ya nane ikiwa F, hiyo ni V8 ya lita 5.0. Ikiwa H, ni silinda nne ya 2.3 yenye turbo, hata kama nyuma imebandikwa "GT". Nembo inanunuliwa dukani, namba ya chesisi hainunuliwi.

Hiyo 2.3 nayo usiidharau. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. V8 ya farasi 420 hapa inabaki na kama 365. Yenye turbo nayo hupoteza, lakini si kiasi hicho. Na kwa matuta ya kati ya Usa River na Moshi, gari lenye nafasi ya sentimita 14 tu chini ya tumbo litakwaruza ukilipakia watu wanne. Usilipandishe kwa spesa za mpira.

Jambo ambalo hukuuliza: spea za ile ya 1966 utazipata kirahisi kuliko za hii mpya. Karibu kila bati la Mustang ya 1965 na 1966 linatengenezwa upya Marekani mpaka leo. Ya kisasa inahitaji skana sahihi na fundi anayejua kuisoma. Mtafute huyo fundi kwanza, gari baadaye.

Kodi je? Nikichukua 2.3 nitaokoa? (Moshi mjini)

Hapana. Mstari wa ushuru wa bidhaa uko kwenye cc 2,000, na zote mbili zimeuvuka. Kinachouma ni umri: gari dogo likizidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumtumia muuzaji hata shilingi.

Niipake rangi gani? (wengi)

Rangi ni kazi ya mwisho. Niulizeni kuhusu breki.

Fundi wangu wa Unga Limited anasema sakafu iliyooza inatosha kuwekewa faiba na puti. Ni sawa? (Sakina, Arusha)

Si sawa, na naomba umsimamishe leo. Mustang ya zamani haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndiyo chesisi. Sakafu ikioza, gari zima linalegea, na faiba haishiki uzito. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa gari kifo hicho hutokea likiwa kwenye mwendo.

Anzeni na chanzo. Toa zulia, mimina maji kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha tazama miguuni. Yakidondoka ndani, sanduku la hewa limetoboka, na sakafu yoyote mpya itaoza tena masika ikipita mara mbili tatu. Sanduku hilo litengenezwe kwanza.

Halafu, kabla ya kukata chochote, gari likae sawasawa juu ya stendi, na kila uwazi wa mlango uchomelewe bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Wakikata sakafu bila mabomba hayo, bodi itajikunja na milango haitafunga tena; kuirudisha ni kazi kubwa kuliko sakafu yenyewe. Wakate upande mmoja, wamalize, ndipo waende wa pili. Bati liwe la milimita 1 hadi 1.2, mashine ya kuchomelea ya MIG na waya wa milimita 0.6. Wadonoe nukta moja hapa, nyingine mbali, wasivute mstari mrefu, na wasipoze kwa maji, maana bati litapinda. Wakimaliza: primer ya epoxy, kisha gundi ya maungio. Puti ni ya kulainisha tu na isizidi milimita 3. Kagua kwa sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, umepewa puti nene.

Gari lilikuwa zima Dar. Arusha linakula mafuta na plagi ni nyeusi. (Ngaramtoni)

Hewa ya huku ni nyepesi, kabureta bado inamimina mafuta ya pwani. Hakikisha choki inafunguka yote, pima floti, kisha weka jeti kuu iliyo ndogo kwa namba mbili. Zile za zamani zihifadhi ndani ya gari. Ukishuka Tanga na jeti ndogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inagonga na pistoni zinaweza kuungua.

Naweza kuweka injini ya Toyota 2JZ kwenye Mustang ya 1965? (Shanty Town, Moshi)

Dada, inawezekana, lakini gari hilo lina silinda kuu ya breki ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Weka kwanza ya vyumba viwili na diski za mbele. Chumba cha diski kisiwe na ile vali ya kubakiza presha ya dramu, la sivyo pedi zitaburuta na diski kuungua.

Injini ya 289 (V8 ya Mustang ya zamani) imelala miaka minane. Nifunge betri mpya nipige stata? (Himo)

Usipige. Toa plagi, weka vijiko viwili vya oili kila silinda, iache usiku kucha, kisha zungusha kwa spana kwenye bolti ya krankshafti mizunguko miwili. Ikikwama, usilazimishe, fungua hedi. Mwaga petroli yote ya tangi na oili ya zamani. Weka oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kemushafti ya injini hii inasuguana na tapeti bapa. Mwisho toa distribyuta, ingiza soketi ndefu ya robo inchi kwenye shafti ya pampu na uizungushe kwa drili kinyume cha saa. Geji ya oili ikipanda na kutulia, rudisha distribyuta pale pale ilipokuwa, ndipo upige stata.