Baikoko Nilicheza, Hesabu Hatukufundishwa

Juzi usiku nikiwa nafunga duka iliingia meseji ya kijana mmoja wa huku kwetu Muheza. "Dada shikamoo. Kuna gazeti limetuandika vijana wa kijijini kwetu kuwa ni wavivu, tunashinda kijiweni tangu asubuhi, kilimo hatukitaki. Wamepiga na picha, mimi nimo, mgongo wangu unaonekana. Mama ameumia sana. Nimeingia kwenye ukurasa wao wa mtandaoni nikawatukana, wamenifungia. Nifanyeje?"

Niliisoma mara nne. Sikumjibu usiku ule, maana ilinirudisha Februari 2013, na nikishafika pale huwa nachelewa kutoka.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Jumatatu ya tarehe 18 Februari 2013. Watu wa rika langu hamhitaji kukumbushwa. Katika watahiniwa karibu laki nne, zaidi ya 240,000 tulipata sifuri. Matokeo yangu alinisomea kwa simu binti wa jirani aliyekuwa Tanga mjini, kwenye intaneti kafe. Alitaja namba yangu ya mtihani, akanyamaza, kisha akasema labda mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima.

Nyumbani sikuweza kukaa. Nilikuwa nashinda kwa mjomba, fundi cherehani karibu na stendi, namshonea vifungo. Mjomba alikuwa mtu wa magazeti. Likishuka tu na basi kutoka Dar, analinunua, analikunjua juu ya kitambaa cha mteja na kusoma kwa sauti, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Wiki zile hapakuwa na habari nyingine. Leo Waziri Mkuu Mizengo Pinda ameunda tume, kesho wabunge wanataka waziri wa elimu ajiuzulu, keshokutwa mchambuzi fulani anasema kizazi hiki kimeharibika. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesomewa habari za msiba wake mwenyewe na watu ambao hawajafika matangani.

Halafu siku moja mjomba akasoma kichwa cha habari, akaishia katikati. Ilikuwa ni shule yetu. Sitalitaja gazeti wala shule, sina nia ya kumchafua mtu. Mwandishi alifika siku moja tu, akazungumza na watu wawili watatu pale barabarani, akaandika kwamba wanafunzi wamefeli kwa sababu ya simu, bodaboda na ngoma ya baikoko. Usiku wanacheza, asubuhi wanasinzia darasani. Mzee mmoja alinukuliwa akisema mabinti wa siku hizi kiuno wanakijua kuliko kitabu.

Wadogo zangu, kuna maumivu ya kufeli na kuna maumivu ya kufeli halafu ukaelezwa na mtu asiyekujua. Haya ya pili ndiyo niliyoshindwa kuyameza. Sisi hatukuwa na mwalimu wa hesabu tangu kidato cha pili. Fizikia tuliisoma kwa kunakili daftari la kaka mmoja aliyemaliza mwaka uliotangulia, na makosa yake tukayanakili. Maabara ilikuwa chumba chenye meza mbili na ndoo. Hayo mwandishi hakuyaona, au aliyaona akaona hayauzi.

Usiku uleule nikaandika barua kwa mhariri. Kurasa nne za daftari, mbele na nyuma. Nilianza na uhuru wa nchi, nikapita kwenye Azimio la Arusha, nikaja kwenye ufisadi, na mwisho kabisa nikasema baikoko hatuijui, sisi ni watoto wa maadili. Mjomba akanipa nauli, nikaenda Tanga kuichapa na kuituma kwa barua pepe. Wiki nzima nikawa wa kwanza kufika kwenye meza ya magazeti. Haikutoka.

Ya pili niliiandika kwa hasira. Nilimwita mwandishi mwongo, mla rushwa, na neno jingine ambalo mjomba alipolisoma alivua miwani. Haikutoka nayo, na namshukuru Mungu.

Ndipo mjomba akaniuliza swali ambalo leo ndilo ushauri wangu mkubwa, na kama mtasahau mengine yote shikeni hili. Akasema, "Mama, hii habari ina uongo gani?" Nikasema yote uongo. Akasema, "Baikoko hukwenda?" Nikanyamaza. Nilikwenda. Harusi ya dada yake rafiki yangu, siku ya Jumamosi, wiki tatu kabla ya mtihani wa moko. Nilicheza mpaka kanga ikalowa jasho. Mjomba akasema, "Basi hajasema uongo. Amesema nusu. Wewe andika nusu aliyoiacha."

Barua ya tatu haikuzidi nusu ukurasa. Niliandika kwamba ndiyo, baikoko ipo na mimi mwenyewe nimeicheza. Kisha nikaandika tangu mwezi gani na mwaka gani darasa letu lilikosa mwalimu wa hesabu, tulikuwa wangapi darasani, vitabu vya kemia vilikuwa vitatu, nikaweka jina langu kamili na kuomba mwandishi arudi aingie darasani. Ilitoka siku ya tano.

Sitawaficha, ilitoka na uchungu wake. Kichwa cha barua walikiweka wao na walichagua neno baikoko, bila shaka. Sentensi ya vitabu vya kemia waliikata. Mkuu wa shule akamwita baba akamwambia binti yako anaichafua shule. Baba hakunisemesha siku tatu, na hasira yake haikuwa ya shule, ilikuwa ya kanga iliyolowa jasho, kwamba sasa wilaya nzima inajua. Sokoni mama mmoja akasema kwa sauti niisikie: "Zero nao wanaandika magazetini siku hizi." Nimeolewa, nimezaa, nina duka langu la stesheneri, na bado nikikutana na yule mama mkono wangu huwa mzito kumpa.

Lakini mjomba aliikata ile barua kwa mkasi wake wa kushonea, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Kila mteja aliyekuja kupimwa aliisoma akiwa amesimama, mikono juu. Wazazi wengine wakaanza kuuliza kwenye mikutano ya kijiji mbona watoto wetu nao hawana mwalimu. Muhula uliofuata mwalimu wa hesabu akaletwa. Sidai kuwa ni barua yangu iliyomleta. Nasema tu kwamba kabla yake lile jambo lilikuwa linasemwa jikoni, na baada yake likasemwa mbele ya mtendaji.

Mei mwaka huohuo Serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yafutwe na yapangwe upya. Yalipotoka tena nikawa na daraja la nne. Yaliyofuata, kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, chuo, mtaji wa kuungaunga, niyaache, kila mtu anayo ya kwake.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Kesho yake nilimpigia. Nikamuuliza swali la mjomba: hiyo habari ina uongo gani? Naye akajibu kama mimi, yote uongo. Nikamuuliza, saa nne asubuhi ulikuwa wapi? Akasema kijiweni. Mlikuwa wangapi? Kama kumi na tano. Mnafanya nini? Tumekaa tu, dada, wengine wamelala kwenye benchi.

Kwa nini mmelala saa nne asubuhi? Hapo ndipo nusu ya pili ikajitokeza yenyewe. Huu ni msimu wa machungwa. Malori yanakuja kuchukua mzigo, mengine yanakwenda Dar, mengine yanavuka mpaka kwenda Kenya, na hawa vijana ndio wachumaji na wapakiaji. Wanapakia usiku kwa tochi za simu ili lori liondoke kabla jua halijapiga matunda. Mpaka saa moja asubuhi mtu ameshabeba magunia mgongoni usiku kucha. Mgongo uleule uliopigwa picha na kuitwa mvivu.

Kijana alipomaliza kunieleza mwenyewe akacheka, halafu akanyamaza, nadhani alikuwa analia. Nikamwambia: hiyo ndiyo barua yako. Hayo uliyoniambia sasa hivi, yaandike hivyohivyo.

Mnaonisoma wengi wenu mnataka siku moja jina lenu lisomwe, mmeniambia hivyo kwenye meseji zenu. Basi nawaomba muache kuishia kwenye kichwa cha habari. Siku hizi kurasa za mbele zinatumwa kwenye makundi ya WhatsApp alfajiri, mtu anasoma maneno sita makubwa, anatukana, anaendelea na mswaki. Hujasoma habari. Ingia ndani, soma mpaka aya ya mwisho, maana mara nyingi jibu la hasira yako limekaa aya ya mwisho. Kisha tafuta nusu iliyoachwa. Kubali iliyo kweli kwanza, hata kama inakuaibisha, kwa sababu ukiikana moja inayojulikana na watu wote, hawatakuamini hizo tisa unazozijua peke yako. Andika ulichokiona kwa macho yako, na siku yake, na idadi yake. Ufupi, ufupi, ufupi. Jina lako liweke. Anayejibu kwa jina bandia ni kama anayerusha jiwe gizani. Hata likimpata mtu, hakuna atakayekuita muendeleze mazungumzo.

Na matusi acheni kabisa. Nawaambia kama dada yenu. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na taarifa ya uongo uliyoiandika usiku kwa hasira inaweza kukufikisha mahakamani. Lakini hata isingekuwepo sheria, tusi linampa mwandishi ushindi. Alisema vijana hawana adabu, wewe ukaenda kumpelekea ushahidi.

Kama wamekuandika uongo mtupu na hawataki kusahihisha, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, linapokea malalamiko ya watu wa kawaida kuhusu vyombo vya habari. Vijana wengi hawajui kuwa kuna mlango huo. Na Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Imeandikwa "kila mtu". Hawakuandika kila aliyefaulu.

Msidhani pia kuwa jambo hili ni geni kwetu. Mjomba alikuwa akinisimulia jinsi wazee walivyolisubiri Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na jinsi wasomaji walivyojibizana humo kwa barua na kwa mashairi, huyu anauliza mwezi huu, yule wa mji mwingine anamjibu mwezi ujao kwa vina vilevile. Hata Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hapa, alipeleka beti zake humo. Kujibu gazeti ni urithi wenu. Mtu wa Muheza alisubiri mwezi mzima ajibiwe, na wewe unashindwa kusubiri dakika kumi hasira ipoe?

Mjomba alifariki miaka minne iliyopita. Kile kipande cha gazeti kimebaki na rangi ya chai, kina matundu ya pini za kushonea kwenye pembe. Nimekiwekea fremu ya kioo, kiko hapa dukani nyuma ya mashine ya kutoa kopi. Jina langu wamelikosea herufi moja.

Kijana amenitumia rasimu yake jana. Kurasa tatu. Ameanza na ukoloni. Nimemrudishia, nimemwambia anatakiwa kuhesabu mambo matatu tu: magunia mangapi yanaingia kwenye lori moja, wanalipwa shilingi ngapi kwa gunia, na wanaanza kupakia saa ngapi. Jumamosi anakuja nayo dukani tuichape. Nimemwambia amlete na mama yake.